Bunduki ya Baba Ilipoanza Kupiga Kushoto

Msimu huu wa kupanda nilikwenda Busunzu kumwona mdogo wangu wa kiume aliyevunjika nyonga. Asubuhi ya tatu nilikuwa nimekaa nje nachambua maharage, nikasikia bunduki. Mlio mmoja kutoka upande wa bonde, kimya, kisha mwingine. Vijana waliokuwa wanafyatua matofali jirani wakasimama kusikiliza. Nikawaambia, amekosa. Amekosa zote mbili.

Wakanicheka. Mmoja akasema, "Bibi, wewe hata sindano unamwomba mjukuu akutungie uzi, ya bondeni utayaonaje?"

Nikamwambia macho hayahusiki hapo. Risasi ikipata nyama, mlio hufuatwa na kishindo kidogo, pu, kama mtu katua gunia la muhogo. Ikikosa, mlio unakwenda peke yake mpaka mlima wa pili, unarudi peke yake. Haukupita muda akapanda mwanamke kutoka bondeni, akatuambia askari wa wanyamapori wamewafyatulia nguruwe pori na nguruwe wote wamekimbilia kwenye mihogo, wazima. Vijana wakatazamana. Yule aliyenitania akasema, "Basi labda silaha yenyewe mbovu."

Hapo nami nikaacha kuchambua maharage.

Maana, rafiki yangu, nimeishi miaka mingi nikiwaambia watu kwamba bunduki haikosi, anayekosa ni mtu. Ni kweli. Ila mara moja ilikosa bunduki, na hiyo mara moja hakuna aliye hai anayeijua kuliko mimi.

Kwetu wakati huo kulikuwa kwenye mteremko, nyumba mbali na nyumba, si kama sasa ambapo ukikohoa jirani anakuitikia pole. Asubuhi ukungu ulilala bondeni mweupe, mzito, nasi tuko juu yake kwenye jua, na mtu aliyekuwa anapanda kutoka mtoni ulimsikia kabla hujamwona. Kwanza ulisikia mtungi ukigonga kata, halafu makofi yake ya salamu. Kwetu salamu haikuwa neno la kutupa njiani. Ulisimama, ukapiga makofi taratibu, mwakeye, mwakeye neza, ukaulizwa watoto, ng'ombe, mvua, na ukungu wote ulikuwa unapungua mkiwa bado mnasalimiana. Nikifumba macho leo nasikia yale makofi kabla ya sauti ya mama. Nasikia na nyuki. Mizinga ilining'inia kwenye miti kuanzia kwetu mpaka mwisho wa macho, na mwezi wa maua hewa ilinuka asali mpaka uji usio na kitu ulionekana una kitu.

Baba alikuwa mtunza bunduki. Ujanani alichukuliwa uaskari wa Mwingereza, akarudi na koti moja, kovu moja na elimu ya kulenga. Kwa hiyo bwana nyama wa Kibondo alipotafuta mtu wa kukabidhi bunduki ya kulinda mashamba, watu wote walimsonda baba. Bunduki haikuwa yetu. Ilikuwa ya mteremko mzima, sisi tuliilaza tu. Kila msimu bwana nyama alileta risasi chache kwenye mkebe, na kila mwisho wa msimu alitaka arudishiwe kila ganda la risasi pamoja na mkia. Ganda moja, mkia mmoja wa nguruwe. Ganda lisilo na mkia lilimtia baba aibu kama mtoto asiye na baba.

Kwa sababu hiyo baba hakupiga hovyo. Wanaume wengine waliamini shabaha ni macho makali au dawa. Baba alisema shabaha ni kufanya jambo lile lile kila mara, basi. Shavu likae pale pale kwenye mti wa bunduki, kila mara. Kitako kikae pale pale begani. Vuta pumzi, toa nusu, nusu ibaki nayo isubiri. Kile kijino cha chuma kilicho mbele ya mtutu kiweke katikati ya mwanya wa nyuma, kijino ukione vizuri, mnyama mwache awe ukungu. Kisha kidole. "Kidole kikaze kama unamkamua mbuzi mwenye kidonda," alisema. "Bunduki ikilia na wewe ushtuke. Ukijua lini italia, umeshaikosesha."

Mimi nilikuwa mtoto wake mkubwa, na walionifuata walikuwa bado wanatambaa, kwa hiyo alinifundisha mimi. Mchana wa mvua alilaza mfuko wa maharage kizingitini, akaiweka bunduki tupu juu yake, nami nikalala kifudifudi nyuma yake. Juu ya mtutu, kule mwisho, aliweka punje moja ya mahindi. Nilifyatua bila risasi. Punje ikianguka, nimevuta kwa papara. Ikibaki, nimefaulu. Punje ile ilianguka msimu mzima. Mama alipita na ungo wake akasema, "Mtoto wa kike na bunduki. Ataolewa na nani huyu?"

Baba akamjibu bila kugeuka, "Na mtu asiyemkosea."

Siku punje ilipobaki juu ya mtutu, alinipa niitafune. Sijawahi kula punje tamu kama ile, na nimekula mahindi ya kila namna.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuifuta. Kitambaa, samli kidogo, ufito wa kupitisha ndani ya mtutu. Nilijua kila mkwaruzo wake. Mbele, mti ulikuwa umeukumbatia mtutu karibu mpaka mdomoni, na baba alikuwa na mazoea ya kupitisha ukanda mkavu wa jani la mgomba kati ya mti na chuma, kuanzia mbele kurudi nyuma. Ukipita laini, alitikisa kichwa akaridhika. Sikumuuliza kwa nini. Mtoto huuliza juu ya mambo ya ajabu, na mimi lile nililiona la kawaida kama kunawa uso.

Sasa msimu ninaousema, baba aliitwa Mabamba kwenye msiba wa mjomba wake, na mito ikajaa, akakaa huko. Mama alikuwa amejifungua, yuko ndani na mtoto mchanga, na mimi ndiye niliyepika. Mvua ilinyesha kama haijui kazi nyingine. Ukuta wa chumba cha baba ulilowa mpaka ukawa mweusi. Siku moja nikaifuta bunduki, kitambaa kikatoka na wekundu. Kutu.

Na hapa uelewe nyumba zetu zilivyokuwa. Jikoni, juu ya mafiga, kulikuwa na uchaga wa fito, na kila kitu ambacho nyumba ilikipenda kilikaa huko kwenye moshi. Mbegu za mahindi, ili fukusi wasizile. Vikapu vya bibi. Kibuyu cha maziwa, ngoma, hata kitovu cha mtoto kilichokauka kilifungwa kwenye jani kikawekwa huko. Moshi ulikuwa mlinzi wetu. Usingeniambia kuna kitu ambacho moshi wa mama yangu unaweza kukiharibu. Nikapanda juu ya kinu, nikailaza bunduki kwenye uchaga, upande wa kushoto wa mbegu, ubavu wake mmoja ukitazama moto. Ikakaa pale wiki tatu. Nilipika sombe, majani ya muhogo, chini yake, nikachemsha maharage chini yake, nikalala nikijua baba atanisifu.

Mtu mmoja tu aliiona. Chini yetu, karibu na kijito, aliishi mjane mmoja aliyevuka mto kutoka Urundi kabla sijazaliwa. Alikuwa peke yake, na shamba lake lote lilikuwa mihogo michungu. Asubuhi moja mvua ilimzimia moto, akaja na kigae kuomba makaa. Nilipokuwa namchotea akainua macho.

"Mtoto, kile juu ni nini?"

"Bunduki ya baba. Naiepusha na kutu."

Akaitazama kwa muda. "Chuma kitakushukuru. Mti sijui. Mti ukikaushwa upande mmoja hukunja mgongo, mwanangu. Hata mwiko."

Nilisikia. Nisije nikakudanganya kwamba sikusikia. Lakini niliona, huyu amekuja kuomba moto halafu anafundisha wenye moto. Nikampa makaa yake, akaondoka huku anayapulizia.

Baba aliporudi, bunduki nilikuwa nimeshaiteremsha, nimeisugua masizi yote, nimeipaka samli mpaka inang'aa, nimeisimamisha pembeni pake pa siku zote. Akaiinua, akatazama ndani ya mtutu kuelekea mlangoni penye mwanga. Hakuna kutu hata doa. Alikuwa amechoka na njia, hakuchukua jani la mgomba. Akaniwekea mkono kichwani akasema, "Mwana wanje, mwanangu, umeitunza." Ndivyo alivyosema. Baadaye ni maneno yale yaliyonifunga mdomo, kuliko woga wa fimbo.

Mahindi yalikuwa yanaanza kubeba. Nguruwe wakaja. Baba aliwavizia alfajiri kwenye ukingo wa shamba, nami nyumbani nikasikia mlio, nikangoja kishindo. Hakikuja. Akarudi bila mkia. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Ganda la nne lilipolala kwenye mkebe bila mkia, mama alianza kumpunguzia maneno, kama unavyompunguzia mgonjwa chakula. Baba alijikagua mwenyewe. Nilimwona amelala kizingitini na bunduki tupu, punje juu ya mtutu, anafyatua. Punje haikutikisika. Akakaa akaiangalia mikono yake.

Aliyeumia zaidi ni mwenye mizinga, jirani yetu wa juu. Nguruwe walilala kabisa katika shamba lake, wakaliacha kama watu wamecheza ngoma ndani. Yeye ndiye aliyeanza kusema. Kwetu mwanamke kuruka silaha ya mwanamume ni kuifunga, kuiroga isipate kitu, na mtu alikuwa amemwona yule mjane akitoka nyumbani kwetu baba hayupo. Halafu mihogo yake haijaguswa. Maneno hayo yaliteremka mteremko kwa siku mbili, siku ya tatu wanaume wakaja uani kwetu jua likiwa kichwani, na yule mama mjane wakamwita.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni, nimeshika kibuyu cha pombe ya ndizi, nangoja kuambiwa nimimine.

Mwenye mizinga akasema, "Nguruwe wanakula kwangu, wanakula hapa, wanakula kila mahali. Wakifika kwa huyu wanageuka kama wameona mkwe."

Watu wakacheka kidogo.

"Mihogo yangu ni michungu," yule mama akasema. "Onja."

"Uchungu ni wa mihogo au wa mwenyewe?"

"Nimekaa hapa nanyi mvua nyingi. Ningekuwa mchungu mngeshakufa."

"Uliingia nyumba hii mwenye nyumba hayupo?"

"Niliomba moto."

"Bunduki uliiona?"

"Niliiona."

"Ilikuwa wapi?"

Alinitazama. Si kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kama mvua imekatika. Mimi nikatazama kibuyu.

"Mahali pake," akasema.

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Nasikia watu wakisimulia utoto wao, wote walikuwa mashujaa. Mimi sikuwa. Mwenye mizinga aliinuka akasema basi, imetosha, huyu avuke mto arudi kwao kabla ya mavuno, na wengine wakaitikia kwa koo, mmm, namna wanaume wanavyoitikia jambo wasilotaka kulibeba peke yao. Yule mama alikuwa ameketi miguu imenyooka, anavuta nyuzi za kanga yake. Nami nimesimama.

Baba akasema, "Ngojeni. Kabla hatujamfukuza mtu, tuiulize bunduki yenyewe."

Alikuwa na risasi tatu. Alichukua ungo wa zamani wa mama uliotoboka pembeni, akachora doa la mkaa katikati, akaupeleka kwenye kichuguu, hatua mia. Akarudi akihesabu. Akaweka mfuko wa maharage juu ya kinu kilicholazwa, bunduki juu ya mfuko, yeye nyuma yake, na uwanja wote ukawa kimya mpaka nikasikia nyuki. Akafyatua. Wakaenda kuangalia. Tundu lilikuwa kushoto, shibiri nzima kutoka kwenye doa. Mwenye mizinga akasema, "Mnaona?"

Baba akaweka risasi nyingine. Akalenga doa lile lile, akafyatua tena. Safari hii akaenda mwenyewe, akaubeba ungo, akauweka chini katikati ya watu. Matundu mawili, yameachana vidole viwili, yote kushoto.

"Angalieni," akasema. "Mkono wangu ungekuwa umerogwa, moja ingekwenda huku na nyingine kule. Hizi zimelala kama mapacha. Bunduki hii haikosi. Inapiga mahali pamoja kila mara, ila si pale ninapoiambia. Kitu kinachokosea mahali pamoja kina sababu, na sababu hiyo inashikika kwa mkono."

Kisha akaomba bisibisi yake iletwe, ile aliyoitunza kwenye mkebe wa zamani wa tumbaku. Mama akaileta, mtoto mgongoni. Baba akaiingiza kwenye skrubu ya kwanza. Nami nilijua mle ndani, kati ya mti na chuma, kitambaa changu hakikufika. Mle ndani masizi yamejaa. Kwa hiyo usinisifu kwa nilichofanya. Nilisema kwa sababu bisibisi ilikuwa imeshaingia.

"Baba. Ilikuwa juu ya moto."

"Lini?"

"Ulipokuwa Mabamba."

"Siku ngapi?"

"Zote."

Hakuniangalia. Akafungua skrubu zote, akaitenganisha bunduki kama unavyotenganisha samaki na mfupa wake, na mfereji wa mti ulikuwa mweusi ti. Akaurudishia mtutu, akachana ukanda wa jani kavu la mgomba, akaupitisha. Upande wa kushoto ulipita. Upande wa kulia ulikwama. Akavuta, ukakatika.

"Hapa," akawaambia. "Mti umekauka ukapinda, umeusukuma mtutu kwenda kushoto. Mtutu ni kama mtu anayepiga filimbi. Ukimshika shingo, wimbo utageuka."

Mwenye mizinga akasema, "Kumbe ni mtoto." Akainua pombe yake akanywa. Mwingine akasema mvua itarudi jioni. Mwingine akauliza habari za Mabamba. Hakuna aliyemgeukia yule mama. Alingoja kidogo, kama mtu anayengoja kurudishiwa chombo chake, halafu akasimama, akajikung'uta vumbi, akaaga kila mtu kwa makofi kama desturi, mmoja mmoja, mwenye mizinga pia, akateremka.

Siku zilizofuata baba aliukwangua mti kwa kipande cha chupa. Alikwangua kidogo, akapitisha jani, akakwangua kidogo. Vumbi la mti lilinuka moshi wa jikoni kwetu. Mimi nilishika mwisho mwingine, na hakusema nami zaidi ya "inua" na "geuza". Mwenye mizinga, bila kuombwa, alileta bonge la nta safi, wakaiyeyusha na mafuta, wakausugua mti wote nje na ndani ili usiingie unyevu wala usikauke tena. Aliiletea bunduki nta. Yule mama hakumpelekea hata sega. Risasi ya tatu baba aliipiga alfajiri yenye ukungu. Nilikuwa nimeinama uani naosha mtungi, nikasikia mlio, na nyuma yake kishindo. Pu. Mama akacheka peke yake ndani ya nyumba.

Adhabu yangu ilikuwa maji. "Utamchotea yule mama mpaka mahindi yaanikwe," baba alisema. "Kila siku, kabla ya maji yetu." Basi nikachota. Sijui nikuelezeje asubuhi zile. Kijito kilikuwa chini ya mlango wake, mwendo mfupi, lakini kwenye ukungu kilionekana mbali kama ndoto, na nilipotoka majini na mtungi kichwani niliona kwanza moshi wa paa lake ukielea bila nyumba, halafu mlango, halafu yeye, ameketi anamenya mihogo. Alinionyesha jinsi ya kuiloweka siku nyingi mpaka uchungu utoke, uinuse ujue umetoka. Alinipa maharage ya jana yaliyopashwa, matamu kuliko ya leo. Alinisuka. Aliimba nyimbo za kwao polepole, maneno kama yetu ila yameegemea upande mwingine. Hakulitaja lile jambo hata siku moja.

Nami kila asubuhi nilikuja na neno moja. Kwetu ni neno moja tu, mbabarira, unisamehe, na linatosha, hata mtoto anayejifunza kusema hulisema. Nilikuwa nalibeba pamoja na mtungi. Nikifika, nautua mtungi, nachukua maharage, nanyamaza. Nilijiambia kesho. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakaanikwa, na zile kesho zikaisha.

Mwanzo wa kiangazi, nyasi zilipokauka, yule mama alifunga mkeka wake na vyungu viwili. Hakuna aliyemfukuza. Lile la mkutano lilikuwa limekwisha, watu walishasahau, hata walishangaa. Mama alimuuliza, "Unakwenda wapi, mwenzangu, mihogo yako ikiwa bado ardhini?" Akajibu, "Vuneni. Nimeshasikia mlivyoitikia siku ile uani." Ndilo jibu pekee alilotoa. Nilimbebea jembe mpaka njia panda ya Mabamba. Pale akalipokea, akanishika shavu akasema, "Rudi, mama yako anakungoja." Nikarudi mbio. Na nilifurahi, rafiki yangu. Nilikimbia nikiwa mwepesi, kwa sababu sasa sitakuwa na mtu wa kumwambia.

Bunduki ilipiga sawa mpaka serikali ilipoichukua, na baba akazeeka akiwa hana kitu cha kufuta, mikono yake ikitafuta tafuta juu ya magoti. Miti ya mizinga imekatwa. Watu wamesogezwa wakapangwa barabarani, na nyumba zetu za mteremko zimebaki vichuguu. Vitoto vya sasa vinakusalimia vinapita, mambo bibi, havisimami. Sivilaumu, vina haraka yao. Uchaga hakuna tena, jiko ni la mkaa, nalo linawekwa nje.

Wakimbizi kutoka Urundi walipojaa kambi ya Mtabila, nilikuwa mama wa watoto, nimeolewa Kasulu, napeleka ndizi kuuza kambini. Nilijua hesabu haikubali, kwamba kama yu hai atakuwa na miaka ya kobe. Lakini nilikuwa naangalia. Kwenye foleni za maji, kwenye milango ya mahema, kila bibi aliyeketi miguu imenyooka nilimpita polepole. Siku moja nikamwona mmoja kwa nyuma, anamenya mihogo, shingo ile ile. Nikasimama. Akageuka, si yeye, wala hakufanana. Sijui nilipatwa na nini. Nilipiga magoti kwenye vumbi lile, nikapiga makofi, nikamwekea mkungu wote wa ndizi nikasema, "Mbabarira."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe mama, umenikosea nini? Mimi sikujui."

Nikamwambia ni kosa la zamani, nililomkosea mtu mwingine.

"Basi umpelekee mwenyewe," akasema.

Ndizi akazivuta ndani. Neno akaniachia.